Mashine Tulizozisingizia

4 Februari

Dada yangu mpenzi,

Barua hii ikukute mzima, na kama mgongo unauma basi usiume sana, maana najua hutakubali kukaa chini. Sisi huku tupo. Kibibi ametimiza mwaka na miezi miwili, ana meno sita na yote anayajaribu kwenye bega langu. Kila anayemwona anasema ni marehemu mama mtupu, jina la Kibibi limemfaa. Baba yake hajambo, kazi za vitanda na milango zinaingia. Mama mkwe bado tunakaa naye, anakusalimu, anauliza mama mkubwa atakuja lini kumbeba mtoto.

Dada, simu yangu imeharibika. Mtu akipiga namsikia kwamba anaongea, hata najua kama anacheka au amekasirika, lakini maneno yanafika yamesagika. Nimempelekea fundi simu mara mbili. Mara ya kwanza akabadilisha spika, mara ya pili akasema labda ni vumbi la vitambaa, maana nashona sare za shule nikiwa nayo mapajani. Bora wewe uliyesema tuandikiane barua, ati simu hairuhusiwi huko hospitalini mnakofulia na ujumbe mfupi ni wa watu wanaoachana.

Kuna na jingine, na hili usimwambie mtu. Baba Kibibi na mama yake wananong'ona. Tukikaa kula, mama mkwe anakuwa kushoto kwangu, mwanawe yuko mbele yetu, wanaongea chini chini na mimi nipo palepale. Nikigeuka naikuta midomo inamalizia. Yule bwana siku zote anaongea kama ana misumari mdomoni, na mara nyingi kweli anayo, lakini sasa imezidi. Dada, nadhani kuna mwanamke. Wewe ulimwona kabla yangu, niambie ukweli, ni mtu wa kufanya hivyo?

Mdogo wako

23 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya kidole cha Kibibi kwenye kona, nikajua salamu zake ni za mafuta. Mimi ni mzima. Wiki hii tumefua mashuka ya wodi nne kwa sababu mashine moja imegoma, na mwangalizi wetu anatuamrisha kama tuliozaliwa na deni lake. Ananipigia kelele akiwa kulia kwangu, nisipomjibu anasema nina kiburi. Mwache aseme.

Shemeji si mtu wa wanawake. Mwanaume anayesahau kula akiwa na randa mkononi atapata wapi nafasi ya kudanganya? Hiyo ni simu tu, na cherehani. Cherehani ina kelele zake za kichinichini, unainamia siku nzima, masikio yanachoka. Mama naye si alimalizwa masikio na mashine ya kusaga? Pumzika, mpe fundi simu aiangalie tena.

Ila usimbebe mtoto ukishuka ngazi. Mpe bibi yake. Na ukienda chooni penye kiza, shika ukuta.

Mbusu Kibibi kwenye lile sikio lake kubwa la ukoo wetu.

Dada yako

9 Machi

Dada,

Habari za mashuka? Sisi wazima, isipokuwa Kibibi ana mafua na ananipangusia mimi.

Nilirudi kwa fundi simu kama ulivyosema. Safari hii hakuifungua. Akaniangalia, akasema, "Mama Kibibi, hebu nipigie hapa hapa, mimi nakwenda nje." Nikapiga. Akawa anaongea, mimi nasikia mchanga tu. Nikamwambia si unaona, imekufa! Akarudi, akaitoa simu kwenye sikio langu la kushoto, akaiweka kwenye la kulia. Akatoka tena. Akasema, "Mama Kibibi, simu yako haina kosa lolote, na nimeibadilisha spika bure." Nilisikia kila neno, dada. Hata kikohozi chake.

Ni kwamba mkono wa kulia siku zote una mtoto, kwa hiyo simu naishika kwa kushoto. Nilikuwa naisingizia. Nikamuuliza fundi sasa nifanye nini, akasema yeye anatengeneza vinavyofunguka kwa bisibisi, hiki nimpelekee daktari.

Nimekaa nikafikiri. Halafu nikaisoma barua yako upya. Nani amekuambia kuhusu ngazi? Ni kweli nayumba, ni kweli mwezi uliopita nilikaribia kumwangusha mtoto kwenye ngazi ya nyuma, na kwenye kiza napapasa ukuta kama mlevi. Lakini sikukuandikia hilo. Sikumwandikia mtu. Umejuaje?

Na mama. Nilikuwa na miaka saba alipofariki, nakumbuka kidogo tu, nakumbuka alikuwa anageuza kichwa kama kuku akitaka kukuelewa. Alianza kutosikia sikio gani?

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote. Pole kwa mafua ya mtoto. Hapa mashine imepona, sasa ni watu ndio wabovu.

Nimezungumza na muuguzi mmoja ninayemfahamu wa kliniki ya masikio hapa hospitalini. Ukija tarehe 24 utaonwa. Vaa nguo isiyo na vifungo vya chuma wala zipu, usije na hereni. Njoo na Kibibi naye aangaliwe. Mengine tutaongea ukifika.

Dada yako

11 Aprili

Dada,

Sijui nianze na salamu au niache. Basi, hujambo.

Jana nilikuwa natafuta mkasi mkubwa, nikafungua sanduku la vifaa la mume wangu. Chini ya randa kuna bahasha. Mwandiko ni wako, ule wa kulala kama mtu mgonjwa, ningeujua hata kwenye ndoo ya maji. Ni ya tarehe 14 Machi. Nimesoma mistari miwili tu: "Shemeji, niliyokueleza kuhusu mama yabaki kwetu wawili. Asijue bado."

Nikairudisha chini ya randa. Nikampakulia chakula, nikamuuliza, "Dada anakuandikia?" Akaacha kutafuna. Akasema, "Muulize yeye. Mimi niliapa."

Kwa hiyo kunong'ona si ndoto zangu. Mnaandikiana. Halafu wewe unajua ninavyoyumba, na unataka nije nikiwa nimevaa hivi, bila hivi, na nimlete mtoto. Mtoto wa nini? Mtoto hayumbi. Dada, niseme wazi kwa sababu usingizi umenikataa: mmeamua kwamba mimi siwezi kulea, mnataka kunichukulia Kibibi. Wewe huna mtoto.

Tarehe 24 siji.

15 Mei

Dada,

Wiki tano hujajibu. Labda nilistahili. Bado nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumwandikia haya.

Nilikwenda hospitali nyingine, ya upande wetu, isiyo na mkono wako wala wa mume wangu. Nilitaka kusikia kwa mtu asiyenijua. Aliyenisindikiza ni mama mkwe, na Kibibi mgongoni kwake. Njiani nilimkalisha kulia kwangu kwa makusudi, nikashangaa, ana sauti kubwa! Nikamuuliza mbona leo hanong'oni. Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, mimi sijawahi kunong'ona tangu nizaliwe. Muulize marehemu mume wangu." Nililia mpaka konda akanihurumia.

Daktari wa masikio ni mwanamke, mfupi, anaongea akikutazama. Kwanza walinifungia kwenye chumba kidogo chenye kuta za sponji, visikilizio masikioni, kitufe mkononi, ukisikia mlio unabonyeza. Upande wa kulia nilibonyeza kama mchezo. Upande wa kushoto nilikaa, nikakaa, nikadhani wamekwenda kula.

Halafu wakaniingiza kwenye mashine ya picha ya kichwa. Dada, ile mashine inapiga kelele kama watu kumi wanagonga mabati, na wewe umelala usitikisike. Walinichoma dawa ya mkononi ili picha ionekane vizuri. Nikawa nawaza, ndani ya kelele hizi ndimo mama alimofanya kazi.

Daktari alinieleza hivi. Mshipa wa fahamu una ganda lake, kama waya ulivyo na plastiki juu. Mimi kwenye ganda la mshipa wa kusikia na wa kujisimamisha, ndani ya kichwa, kumeota uvimbe. Si saratani, alirudia mara tatu kwa sababu niliuliza mara tatu. Ni wa nadra na unakua polepole, watu wengi hudhani ni sikio kuchoka. Ila wangu wa kushoto umekuwa kama ndimu ndogo, na umeanza kuegemea shina la ubongo. Huo hauwezi kungojewa, wala mionzi peke yake haiuwezi tena. Unatakiwa kutolewa.

Kisha akanionyesha upande wa kulia. Kuna mwingine. Mdogo, kama punje ya choroko. Huo ni wa kutazamwa tu kwa sasa. Akasema, "Mtu mwenye pande zote mbili huwa namuuliza habari za nyumbani kwao. Nani kwenu alipoteza masikio?"

Nikamjibu, "Mama, lakini ilikuwa mashine ya kusaga."

Akaweka kalamu chini. "Sikio gani lilianza?"

Mtu mzima, nina mtoto, sijui mama yangu alianza sikio gani. Nakuuliza mara ya pili.

Mdogo wako

8 Juni

Mdogo wangu,

La kushoto. La kulia likafuata baada ya miaka mitatu.

Sikujibu barua yako ya Aprili kwa sababu kila nikishika kalamu naliona lile neno la mwisho mwisho. Tuliache.

Mama alipoanza kuyumba, watu walisema amelewa vumbi la unga, wengine pombe. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano. Nilimpeleka hospitali, wakati huo picha za namna hiyo zilikuwa mbali, lakini daktari mmoja mzee alimgonga gonga, akamtembeza juu ya mstari, akaniita pembeni. Akasema anadhani kuna uvimbe kwenye mishipa ya kichwa, na akasema, sikumbuki maneno yote, kwamba mambo haya mengine hutembea na damu. Mama aliniuliza kasema nini. Nikamwandikia kwenye kiganja chake: mashine. Alifurahi. Alitaka iwe mashine. Alirudi kazini, akaanguka kwenye ngazi ya kinu mwaka uliofuata. Yaliyobaki unayajua.

Tangu hapo nimeiacha iwe mashine. Ulipokua nikanyamaza. Ulipochumbiwa nikasema nitamwambia baada ya harusi. Ulipobeba mimba, ningeanzia wapi? Ningekuambia mapema ungeogopa kuzaa, na leo kusingekuwa na huyo mwenye meno sita.

Shemeji aliniandikia yeye, mwezi wa pili. Aliona unatembea ukigusa kuta, akaona akikuita kutoka kushoto humjibu. Akauliza: mama mkwe wangu aliugua nini? Nikamjibu kweli, nikamuapisha. Ngazi nilizijua kwake. Alikuwa anataka kukuambia, ni mimi niliyesema asijue bado, hadi nipate daktari, nisikuletee ugonjwa bila dawa. Mtoto nilitaka aangaliwe macho, nimesikia kwa watoto wakati mwingine ugonjwa huanzia machoni. Basi.

Fanya upasuaji. Usiogope kama mama.

Dada yako

22 Juni

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa kwenye vipande vya mbao karakana, mume wangu amesimama na msumari mdomoni hajui autoe au aumeze. Nikampa asome. Akasema, "Afadhali." Neno moja tu. Halafu akaja kulia kwangu akakaa.

Kibibi ameangaliwa macho. Yako safi. Daktari anasema atakuwa anaangaliwa kila mwaka, na kuna kipimo cha damu tutakapokuwa tayari. Anaweza kuwa na ugonjwa huu, anaweza asiwe nao. Mimi nasema hana, na akiwa nao watamkuta mapema, hatamsingizia fundi simu.

Upasuaji ni tarehe 17 Julai. Watanipasua nyuma ya sikio. La kushoto halitasikia tena, hilo waliniambia bila kunipaka mafuta, na mshipa wa uso unapita humo humo, kwa hiyo uso unaweza kulegea kwa muda au moja kwa moja. Nimekubali. Nataka kumwona anaanza shule, hata nikimcheka kwa mdomo wa upande.

Dada, nisamehe yale ya Aprili. Huna mtoto, niliandika. Sasa nakaa nafikiri kwa nini huna. Yule dereva aliyekuja nyumbani kukuposa mara tatu na viatu vilivyopigwa rangi, ukamkataa bila sababu. Sote tulisema una kiburi.

Na nimezitoa barua zako zote. Mwangalizi anakupigia kelele akiwa kulia kwako, humjibu. Simu hairuhusiwi. Miaka kumi na moja unafanya kazi chumba ambacho kila mtu anapiga kelele, na hakuna anayemshangaa asiyesikia.

Hili sitakuuliza mara mbili. Wewe je?

Mdogo wako

3 Julai

Mdogo wangu,

Ruhusa sikupata, sitaweza kuja tarehe 17. Mashine za kufulia zina kelele, kila mtu hapa masikio yake ni hivyo hivyo.

Nakuombea. Kula vizuri kabla.

Dada yako

30 Agosti

Dada,

Nipo. Kwa saa tisa nzima walikuwa kichwani mwangu, mume wangu amekaa nje amechonga kijiti mpaka kikaisha. Wameutoa wote isipokuwa kipande kama kucha, walikiacha kwa sababu kilikuwa kimeukumbatia mshipa wa uso. Daktari wa upasuaji anasema ni bora uso kuliko ushindi.

Uso umelegea kushoto. Chai inamwagika, jicho lile halifungi, naliwekea dawa na kulibandika nikilala. Wiki ya kwanza Kibibi alinikimbia, akamwendea bibi yake. Wiki ya pili akaja, akanishika mdomo kwa vidole akauinua upande ule, kama mtu anayenyoosha pazia. Jana ulitikisika wenyewe, kidogo, mama mkwe akapiga kigelegele nikakisikia chote. Kutembea nimefundishwa upya, nashika mkono wa kiti, kisha sishiki.

Kibibi ameshajua. Akinitaka anazunguka, anakuja kulia. Hakuna aliyemfundisha.

Dada, miaka kumi na moja hujawahi kuomba likizo, wakakunyima siku moja? Sikuamini. Na ninajua hukutarajia niamini. Nimelala kwenye ile mashine ya picha mara mbili sasa. Tumesingizia kinu, cherehani, simu, na mashine zako za mashuka, na zote hazina kosa. Hiyo moja ndiyo iliyosema kweli. Hapo kwenu mnayo. Ipo jengo la pili kutoka mnapoanika, uliniambia mwenyewe mwaka juzi mlipofua mapazia yake.

Mdogo wako

19 Septemba

Mdogo wangu,

Leo nimevua aproni saa nne asubuhi, nikamwambia mwangalizi nakwenda jengo la pili. Aliongea kitu. Alikuwa kulia, kwa hiyo sijui ni kitu gani.

Miaka minne. La kulia. Nilianza kwa mlio kama birika, nikasema ni mashine.

Nimelala ndani ya ile mashine. Nilifumba macho nikawa nahesabu wodi. Baadaye daktari alitaka nikae anieleze, nikamwambia nina mashuka kwenye pasi kubwa yataungua, aniandikie. Akaandika, akafunga. Bahasha yake nimeitia ndani ya hii. Sijaifungua. Siwezi, wewe uliyekwisha kuyapitia ndiye unayeweza. Soma kisha uniandikie, kwa maneno mepesi, kama ulivyoniandikia ile ndimu na choroko.

Dada yako

27 Septemba

Dada yangu mpenzi,

Bahasha imefika, Kibibi ameitafuna kona lakini haijafunguka.

Sitaifungua, na sitakuandikia. Nimechoka na barua, zinakupa nafasi ya kuruka mistari. Omba likizo. Wakikunyima niletee jina la mwangalizi, nitakuja na huu uso wangu asimame nao.

Ukishuka mume wangu atakuwa stendi, atakushika mkono, usijifanye huyumbi. Ametengeneza viti viwili vya kukaa nje ya karakana, vipya, bado vinanukia mbao. Cha kulia kwangu ni chako. Nimejaribu na mama mkwe tukahakikisha: ukikaa hapo, sikio lako zima linatazamana na langu. Bahasha tutaifungua hapo, nitakusomea polepole, na kitakachokuwemo utakisikia.

Mdogo wako